Muuza Bangi Halali na Mlango wa Mama Yake

Nicasio Guity alipewa leseni ya kuuza bangi kwa sababu aliwahi kufungwa kwa bangi. Ndivyo sheria ilivyosema. Jimbo la New York lilipoamua kwamba majani yale si kosa tena, lilitaka baadhi ya watu wa kwanza kufungua maduka wawe wale wale waliokamatwa nayo zamani, nao waonje utamu wa kitu kilichowalisha shubiri. Watu wa mtaani kwetu walicheka, wakasema hizo ni porojo za wanasiasa. Nicasio hakucheka. Aliomba, akazungushwa, akasubiri mpaka akakata tamaa, kisha siku moja akaitwa. Akafungua duka Southern Boulevard, hapa Bronx, akaliita Barana, yaani bahari kwa lugha yetu sisi Wagarifuna, watu weusi wa pwani za Amerika ya Kati.

Duka likashika. Si kwa sababu bangi yake ilikuwa na maajabu, maana jani ni jani tu. Lilishika kwa sababu ya watu wake. Nicasio hakuajiri mtu yeyote ambaye hajawahi kulala korokoroni, au ambaye mume, mtoto au ndugu yake hajalala huko. Msimamizi wake alikuwa Odessa Pringle, mama wa makamo mwenye mvi na ulimi wa pilipili, aliyeacha ujana wake wote gerezani. Odessa alipenda kuwaambia waomba kazi, "Hapa ukija na rekodi safi tunakushuku." Kila Jumamosi mawakili wa kujitolea walikaa chumba cha nyuma, na mtu yeyote mwenye kesi ya zamani ya bangi aliingia, akanywa kahawa, akasaidiwa kufutiwa jina lake mahakamani bila kutoa hata senti. Wazee waliingia wakiwa wameinama, wakatoka wakisalimia watu.

Likaja duka la pili, Fordham. Wakubwa wa jiji wakaja na mikasi yao kukata utepe, wakampa cheti cha heshima kwa ubora wa biashara yake na mchango wake kwa jamii, na televisheni ikamwonyesha akitabasamu kama bwana harusi. Duka la tatu likawa njiani. Watu wakadhani ameukata. Hawakujua kwamba benki kubwa ziliogopa fedha za bangi kama ukoma, kwamba mkopo na kodi vilikula faida kabla haijapoa, na kwamba yule bwana wa kwenye televisheni alikuwa anaishi chumba kimoja na jiko lake pembeni. Alikula, alivaa, alilipa watu wake. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

Mama yake alikaa mitaa michache tu kutoka duka la kwanza, ghorofa ya sita, katika yale majengo ya matofali ya serikali. Na Nicasio hakuwa amepanda kwa mama yake tangu akiwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinachipua.

Wakati ule alikamatwa kwenye ngazi za jengo hilo hilo akiwa na kifuko cha bangi. Alifungwa, akatoka, akakuta mkosi mwingine unamngoja. Ofisi ya nyumba ilikuwa imemwita mama yake, Crisanta Norales, ikampa njia mbili: ama familia nzima itoke, ama atie sahihi kwamba mwanawe hatakanyaga humo maisha yake yote, si kulala, si kula, si kusalimia. Crisanta alikuwa na mume aliyepooza na binti mdogo. Barabarani theluji ilikuwa imefika magotini. Alitia sahihi. Wasiojua husema alidanganywa, eti mwanamke aliyekuja kutoka Limón, pwani ya Honduras, hakuelewa Kiingereza. Alielewa vizuri sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyeshika kalamu siku ile alikuwa mzazi.

Ofisi nayo haikusahau. Wakaguzi walikuja bila taarifa, wakafungua makabati wakitafuta viatu vya kiume. Baadaye wakafunga kamera mlangoni chini. Tangu Nicasio awe mtu wa matangazo, mambo yakawa mabaya zaidi, maana uso wake ulibandikwa kwenye kituo cha basi mbele ya jengo lenyewe, mkubwa kama mlango, chini yake jina la duka. Mlinzi wa jengo alimtambua kwa umbali ambao asingemtambua mkewe.

Mama na mwana walijifunza kuishi hivyo. Jumapili Crisanta alishuka na sufuria ya supu ya samaki ya nazi na ndizi zilizotwangwa, wakala kwenye benchi la nje, kwenye lami, ambako sahihi yake haikufika. Miguu ilipomkataa, Nicasio akawa ndiye mpishi, na sufuria ikapandishwa na Delmy, binti wa dada yake marehemu, aliyekaa na bibi yake pamoja na watoto wake wawili. Simu Crisanta hakuitaka. Alisema simu ni kitu cha watu walio mbali. "Wewe hauko mbali," alimwambia, "uko chini." Kwa hiyo waliongea kwa kile kidude cha ukutani cha kufungulia mlango, mama akibonyeza juu, mwana akiwa amesimama chini na mdomo karibu na matundu yake, watu wakipita na mizigo yao. Ile siku ya sahihi hawakuitaja kamwe.

Halafu maji yakajaa kifuani mwa Crisanta. Hospitali walimtoa maji hayo mara mbili, mara ya tatu wakamwambia Delmy kwa upole kwamba ampeleke tu nyumbani, moyo umechoka. Nicasio akasema mama aje kwake, yeye atalala sakafuni. Crisanta akakataa katakata. Akihama, nyumba inarudi ofisini. Akifia humo, na nyumba haina kosa lolote, inabaki kwa Delmy na watoto. Na katika jiji hili, ukimwambia mama mwenye watoto wawili akatafute nyumba nyingine, umemwambia akalale makazi ya wasio na makao. Delmy alikuwa ameshayalala utotoni. Hakupenda hata kupita mtaa ule.

Basi ikabaki njia moja: Nicasio aiombe ofisi imwondolee lile katazo. Hapo, nasema kwa uchungu, ndipo sisi watu wa mtaa ule tulipokosea sote, maana hakuna hata mmoja aliyemshauri vinginevyo. Mahakama ilikuwa imeshafuta kesi yake. Jimbo lilikuwa limempa leseni. Jiji lilikuwa limempa cheti. Tulidhani serikali ni kitu kimoja chenye kichwa kimoja. Kwa hiyo Nicasio alijiandaa kwa kile kikao kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alinyoosha suti. Alichukua cheti ukutani, kikiwa na fremu yake. Na ili waone kwa macho yao amekuwa mtu wa namna gani, alifunga duka asubuhi ile akaenda na wafanyakazi wake wote, wamevaa fulana mpya za kijani zenye jina la Barana na jani kubwa kifuani.

Mwendeshaji wa kikao alikuwa Bi Farrow, mwanamke mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliwatazama walivyokuwa wakijipanga nyuma, fulana baada ya fulana, akangoja mpaka wote wakapata viti. Akamuuliza Nicasio mambo ya kawaida, anaishi wapi, mama anaumwa nini. Kisha akauliza anafanya kazi gani.

Nicasio alikuwa ameungoja swali hilo. Akasimama wima, ingawa hakuambiwa asimame.

"Nauza bangi," akasema. Nyuma mtu mmoja akaitikia, "Amina."

Bi Farrow akaweka kalamu chini. "Bwana Guity, unajua nyumba hizi zinalipiwa na serikali ya Washington?"

"Najua."

"Huko Washington bangi bado ni dawa ya kulevya. Jimbo liseme lisemavyo. Mimi kanuni yangu inaniuliza jambo moja tu: huyu mtu ameachana na ile biashara iliyomtoa? Na wewe umeniletea wafanyakazi wa biashara yenyewe, wamevaa sare."

"Nina leseni, Bi Farrow. Nina cheti cha jiji." Akamkabidhi.

"Nimekiona. Kinasema wewe ni mmoja wa wauzaji bora Bronx nzima." Akakirudisha mezani taratibu, uso wa kioo chini. "Nakuomba usinipe nikakiweka kwenye faili. Kitakuharibia zaidi."

Odessa alitaka kusema kitu, Nicasio akamzuia kwa mkono. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema mama yake anakufa, na kwamba haombi kuhamia, anaomba kukaa kando ya kitanda tu.

Bi Farrow akamweleza kanuni. Aache kazi hiyo, akae nje yake mwaka mzima, alete ushahidi, ndipo ombi lisikilizwe upya.

"Mwaka mama hana."

"Najua," alisema Bi Farrow, na nadhani kweli alijua. "Pole sana, Bwana Guity. Na tafadhali, usiende pale kwa siri. Wakikuona, si wewe watakayemwadhibu."

Walirudi dukani kwa miguu. Mtu mmoja aligeuza fulana yake ndani nje, wengine wakaiga, na waliovuka nao barabara waliwashangaa. Nicasio alifungua mlango wa duka, akakitundika cheti mahali pake kwa sababu hakujua la kukifanya, akaingia chumba cha nyuma akaketi. Alijichukia. Alimchukia yule kijana wa kwenye ngazi, akamchukia na huyu bwana wa suti, na asijue amchukie yupi zaidi. Kama angekwenda peke yake, na shati jeupe, akasema nauza dukani, wala asifafanue, pengine angepata. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini yeye alikuwa ameuwekea shingo na kuushukuru.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Aliwapa watu chenji zilizopungua, akawazidishia wengine. Odessa, ambaye huzuni humgeuka kuwa mzaha, akamletea kofia ya msambaza piza. "Vaa hii," akasema. "Katika jiji hili hakuna anayemtazama usoni mleta chakula. Utapanda mpaka mbinguni."

Nicasio aliishika ile kofia muda mrefu, akaivaa hata mbele ya kioo. Odessa alipoona hacheki, naye akaacha mzaha, akavuta kiti.

"Sikiliza, Guity. Mama yangu alikufa nikiwa ndani. Waliniambia baada ya chakula cha mchana, na saa ileile wakanirudisha kufua mashuka. Wewe uko huru. Huna pingu. Panda."

"Na Delmy?"

"Delmy ni kijana. Atahangaika, atapata."

"Ulipata wapi wewe ulipotoka?"

Odessa alipotoka alilala kwenye treni majira yote ya baridi, na Nicasio alijua, kwa kuwa ndiye aliyemtoa huko. Odessa akaichukua kofia, akairudisha alikoitoa.

Crisanta mwenyewe aliagiza kitanda chake kisogezwe sebuleni, ukutani, chini ya kile kidude. Kila jioni kabla ya jua kuzama Nicasio alikwenda kusimama mlangoni. Delmy alibonyeza, mama akaongea maneno machache, akapumzika, akaongea tena. Alitaka habari za duka. Yeye hakuwahi kuvuta bangi maishani. Alikuwa mtu wa kanisa na wa chupa yake ya mizizi iliyolowekwa kwenye pombe, ambayo aliita dawa na hakutaka mtu aiite jina lingine. Lakini alipenda kusikia nani ameajiriwa, nani amefutiwa kesi, nani amerudiwa na mke. Aliwajua wote kwa majina bila kuwahi kuwaona. Nicasio alimwambia kila kitu isipokuwa kile kikao. Alimwambia wameahirisha. Alikuwa hajawahi kumdanganya mama yake hata siku ile aliyokamatwa.

Alhamisi moja mchana, mvua ya masika ikinyesha, Nicasio alikuwa kwenye duka la tatu akipokea mkaguzi wa jimbo aliyekuja kupima milango na kamera. Simu ikaita. Delmy alisema, "Mjomba, njoo," akakata. Nicasio alimwacha mkaguzi na mita yake ya kupimia, akakimbia. Mtu mzima, mzito, mwenye suti, alikimbia katikati ya barabara na magari yakimpigia honi.

Alipofika mlangoni alibonyeza kwa kiganja kizima.

"Mjomba." Ilikuwa sauti ya Delmy. "Pumzi inakwenda, inarudi, inakwenda. Muuguzi amesema ni leo. Nafungua. Panda."

"Kamera, Delmy. Nyumba."

"Nimeshafikiri. Nitajua pa kwenda na wanangu. Panda, mjomba, asife na mimi peke yangu."

Kitasa kikalia. Nicasio akashika mlango, ukaja mkononi mwake, mwepesi. Mbele yake kulikuwa na vigae vya njano, masanduku ya barua, na lifti, ambayo siku hiyo kwa ajabu ya Mungu ilikuwa inafanya kazi. Aliona taa yake. Aliingiza mguu mmoja.

Ndipo ikatoka ile sauti nyingine, nyembamba, yenye maji ndani yake.

"Nicho. Umeshika mlango?"

"Nimeshika, Mama."

"Uachie."

"Mama, nakuja. Delmy amekubali. Nitawatafutia mahali, nitauza kila kitu. Niache nije nikushike mkono."

Alisikia pumzi ikitafutwa mbali na kuletwa.

"Mimi ndiye niliyekutoa humu," Crisanta akasema. "Hakuna aliyenishika mkono siku ile. Nilikutoa mwanangu, nikabakiza nyumba. Ukipanda leo, wakaichukua, mimi nitakuwa nilikutoa kwa ajili ya nini?"

Hakuwahi kulisema. Miaka yote ile, sufuria zote zile kwenye benchi, hakuwahi. Nicasio alisimama na mguu mmoja ndani, mvua ikimpiga mgongoni, akaona kwamba kupanda kungemwibia mama yake kile pekee alichokuwa nacho. Akautoa mguu. Akauachia mlango, ukajifunga wenyewe kwa ule mlio wake wa chuma.

"Umeachia?"

"Nimeachia, Mama."

"Haya. Niambie habari za duka."

Akamwambia. Aliweka paji la uso kwenye bati lenye matundu akaanza kueleza, machozi na mvua vikiwa kitu kimoja. Akasema duka la tatu lina madirisha makubwa, na kwamba mkaguzi ameachwa kule peke yake, pengine bado anapima. Akasema mzee Alcides, yule fundi viatu, amefutiwa kesi yake Jumamosi, akatoka akamwalika wakili wake harusini, na hana hata mchumba. Juu kitu kilichofanana na kicheko kikapita kwenye pumzi. Akasema Odessa anataka kupaka kuta rangi ya chungwa na wote wamemkatalia. Akasema samaki leo sokoni walikuwa wabovu. Kisha akamwambia na ule ukweli: kwamba hakukuwa na kuahirishwa, kwamba alikwenda na cheti na fulana, kwamba alikuwa mjinga. Aliomba radhi. Delmy alikuwa bado amebonyeza, kwa hiyo Nicasio akatega sikio asikie jibu, kama lilikuwapo. Alingoja. Pumzi ilikuja. Akaendelea kuongea.

Aliongea mpaka hakuwa na habari nyingine, akaanza kubuni. Aliwaajiri watu wasiokuwapo, akawafutia kesi, akawarudishia wake zao.

Kidude kikalia tik. Sauti ya Delmy ikasema, "Mjomba," basi, halafu alichosikia ni kilio cha mtoto mdogo asiyejua kwa nini mama yake analia. Kisha kikazima.

Nicasio hakuondoa paji la uso pale.

Mwanamke mmoja aliyehamia jengo lile karibuni alikuja mbio kutoka kwenye mvua na mifuko ya sokoni. Akafungua kwa ufunguo wake, akauzuia mlango kwa kiuno, akaona mtu mzima amelowa chapachapa amesimama nje. Akamsogezea mlango ukawa wazi kabisa.

"Baba, unaingia?"

"Hapana, dada, asante," Nicasio akasema. "Nilikuwa naongea tu na mama."